Kila Mtu na Alicholeta

Jumapili hiyo Munyi alitoka kanisani Siakago akapita nyumbani kwake bila kuingia. Akiwa na suti yake ya kijivu na viatu vya ofisi, alishuka mpaka kwenye bustani ya mke wa mdogo wake Ishmael, akaanza kuhesabu hatua. Ishirini kwa urefu, kumi na mbili kwa upana. Ciakuthii alikuwa ameinama akimwagilia vitunguu kwa mkebe uliotobolewa matundu. Alimwona shemeji yake akikanyaga tuta la karoti bila hata kutazama chini.

"Karibu, Baba Njura," alisema. "Hapo umesimama ni karoti."

"Naona." Munyi hakusogea. "Ishmael ako wapi?"

"Ameenda kukatia mbuzi majani."

"Basi nitakwambia wewe, utamwambia. Njura anaoa. Msichana ni wa kule Runyenjes, watu wa kahawa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane wanakuja kuona boma. Hii shamba nampatia Njura, bibi yake alime. Nyinyi mtapanda huko juu."

Alinyoosha kidole kuelekea mgongo wa kilima, mahali penye mawe na miiba ambapo hata mbuzi walipita wakienda kwingine. Ciakuthii aliutazama ule mgongo, kisha akatazama maji yaliyokuwa yakimwagika kwenye mguu wake mwenyewe, kwa maana mkebe ulikuwa umemlalia mkononi.

"Baba Njura, hapa nilipewa na baba yenu akiwa hai."

"Alikupa kwa mdomo. Cheti kina jina la nani?"

Akageuka, akapanda juu, na karoti nne zikabaki zimelala kifudifudi.

Msomaji asidhani kwamba ilikuwa bustani ya kawaida inayogombaniwa na ndugu wawili. Mahali pale palikuwa shimo. Wakati barabara ya kwenda sokoni ilipokuwa ikitengenezwa, Munyi alimruhusu mwenye kandarasi achimbe changarawe katika shamba la baba yao. Matingatinga yakala udongo wote wa juu na kuacha kidonda chekundu, kigumu kama sakafu ya saruji. Mzee alipougua na kuanza kuwagawia wanawe, Munyi alipata upande wa mtoni na Ishmael akapata shimo. Munyi alicheka siku hiyo. Alisema mdogo wake amepata kiwanja cha mpira.

Miaka tisa ilikuwa imepita tangu kile kicheko.

Mwaka wa kwanza Ciakuthii alitoboa vishimo kwa mtaimbo, kimoja baada ya kingine, akavijaza samadi ya mbuzi, mabua, maganda ya maharagwe na majivu ya jikoni. Alipanda kunde, zikatoka na kugeuka njano, zikafa zikiwa na urefu wa kidole. Mwaka wa pili aliteka tope jeusi kwenye kijito kila mvua ilipopungua, akalibeba kwa kiondo mgongoni. Ishmael alikwenda kwenye kiwanda cha kahawa huko milimani akaomba maganda yaliyotupwa, akayarudisha kwa magunia juu ya punda wa kuazima. Walifunika kila kitu kwa nyasi kavu ili jua kali la huko Mbeere lisikinyonye maji. Mwaka wa nne, asubuhi moja, Ciakuthii aligeuza bonge la udongo na kukuta nyungunyungu wawili wanene. Alipiga kelele mpaka Ishmael akaja mbio na panga akidhani ni nyoka.

Wakati wote huo nyumba ya Munyi huko juu ilikuwa ikiwatazama. Wanja, mke wa Munyi, aliombwa majivu mara moja tu. Alisimama na karai mkononi, akamtazama Ciakuthii kutoka kichwani hadi miguuni. "Hata majivu yangu unayataka, Mama Karimi?" Kisha akayamwaga njiani, hatua mbili kutoka kwa kiondo kilichokuwa wazi. Jumapili iliyofuata wanawake wa kanisa waliambiwa kwamba Mama Karimi anaparura takataka kama kuku. Ciakuthii alisikia. Lakini yale majivu alikuwa ameshayazoa pale njiani yote, hata yaliyochanganyika na mavumbi.

Sasa udongo ulikuwa mweusi, umefika futi moja, na mtu akiuchukua mkononi ulinukia mvua hata wakati wa kiangazi. Sukuma wiki ya shimoni ilijulikana soko zima la Siakago. Karimi, mtoto wao, alisomeshwa na sukuma hiyo mpaka chuo cha ualimu. Ndipo Munyi akaona kwamba shamba ni lake.

Ishmael alipoambiwa, aliketi kwenye kigoda na kuvua kofia. Alikuwa mtu mpole, shemasi, mwenye kusema "Bwana ataona" hata mahali ambapo yeye mwenyewe angeweza kuona. Aliizungusha kofia mkononi mpaka chai ikapoa.

"Ni kaka yangu," alisema mwishowe. "Tukigombana, watu watasema nini?"

"Watasema tumenyang'anywa," Ciakuthii akajibu. "Si ndiyo ukweli?"

"Twende kwa wazee."

Walikwenda kwa wazee.

Baraza la ukoo lilikutana Jumamosi uani kwa Munyi, na hilo peke yake lingemwambia Ciakuthii mambo yatakavyokwenda. Viti vilikuwa vya Munyi, na chai pia. Mzee Ngari, mkubwa wa ukoo, alipewa kiti chenye mto. Munyi alikuwa karani katika ofisi moja mjini Embu, na kwa sababu hakuna mwenye mwandiko mzuri kumshinda, yeye mwenyewe ndiye aliyeshika daftari la mkutano. Mlalamikiwa akawa mwandishi. Hakuna aliyeona ajabu.

Ishmael alisema machache, na kwa sauti ya chini. Alisema baba yao aliwapa shimo, wakalijaza kwa mikono yao. Mzee Ngari alitikisa kichwa kwa huruma, akanywa chai.

"Ishmael, tunakuelewa," alisema. "Lakini serikali inaangalia cheti. Na Munyi hajakufukuza. Amekupa mahali pengine."

"Mahali pa mawe," Ciakuthii alisema.

Wanaume waligeuka. Alikuwa amekaa nyasini pamoja na wanawake, miguu ameikunja, na hakuwa amepewa nafasi ya kusema.

Munyi aliweka kalamu chini. "Mama Karimi, wacha tuulizane. Uliingia kwa hii boma na nini? Mimi nilikuwepo siku hiyo. Uliingia na sufuria mbili na kiondo. Hiyo shamba ulikuja nayo mgongoni?"

Wanawake wawili wa upande wa Wanja walicheka. Mzee mmoja naye akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Ciakuthii alihisi uso wake ukiwaka moto. Huko jikoni kwa Wanja palikuwa na sufuria ya chai iliyochemshwa kwa kuni alizosaidia kuzibeba asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa ndivyo mke wa mdogo hufanya nyumba kubwa inapopata wageni.

"Mimi si mtu mbaya," Munyi akaendelea, sasa akizungumza na wazee. "Sina haja na kitu cha mtu. Wana mabati yao, wachukue. Wana vikingi vya ua, wang'oe. Mboga zao wavune zote. Kila mtu achukue alicholeta, hata ukucha usibaki. Mimi nitabaki na ardhi yangu."

"Hayo ni maneno ya haki," alisema Mzee Ngari, akifurahi kuona chakula kikikaribia. "Andika hivyo hivyo."

Munyi akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wake wa ofisini wenye mikia mirefu: *Kila mtu achukue alicholeta.* Wazee wakatia vidole gumba.

Na hapo ndipo Ishmael, ambaye hakuna aliyemtegemea kwa lolote, alipofanya jambo moja la kiume siku hiyo. Alisimama na kofia mkononi akasema hatahama kabla mgongo wa kilima haujapimwa na kupewa cheti kwa jina lake. "Nisije nikahamishwa tena nikiwa mzee," alisema.

Munyi alimtazama kama mtu aliyeombwa kitu asichojua kama anacho. Akacheka. "Mawe? Chukua. Nitaleta mpimaji wiki hii." Na kweli alimleta, kwa maana kwa watu wa ofisi mambo kama hayo huenda haraka. Kabla ya mwisho wa Julai mgongo ulikuwa na mipaka na namba yake.

Wakitembea kurudi nyumbani siku ya baraza, Ishmael alitaka kumfariji mke wake. Alisema watavuna zile mboga, wang'oe mabati, na Mungu atawapa nguvu za kuanza upya.

"Baba Karimi," Ciakuthii alimkatiza. "Uliandikiwa nakala?"

"Ndiyo. Hii hapa."

"Isome tena pale mwisho."

Ishmael akasoma. Ciakuthii alisikiliza akiwa amesimama katikati ya njia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile uso wake ulilegea. Sitasema alitabasamu. Alikuwa na hasira iliyofika mahali pa kutulia, kama maji yaliyopata mtaro.

Alianza na mawe. Wiki mbili yeye na Ishmael walipanda mgongoni kila asubuhi, wakafyeka miiba, wakapanga mawe kwa safu kufuata mwinuko wa kilima, safu saba, kila moja ikifika gotini. Mpita njia angedhani wanajenga zizi. Wanja alipita siku moja akielekea kisimani, akasimama.

"Kumbe mmekubali," alisema. "Hiyo ni vizuri. Mambo ya kusumbua wazee si mazuri."

"Tumekubali, Mama Njura."

"Na ile siku ya wageni, nilikuwa nasema hivi, utanisaidia na mboga. Zile sukuma na kabeji za huko chini. Si mtavuna tu?"

Mwanamke huyo aliomba mboga za bustani anayomnyang'anya mwenzake ili awapikie wageni wanaokuja kuiona. Na aliomba kwa sauti tamu, kama mtu anayempa mwingine heshima. Mimi ningemtupia jiwe.

"Nitakuletea," Ciakuthii akasema. "Nitakuletea zote."

Kikundi cha wanawake cha Ciakuthii kilikuwa na watu kumi na wawili, mbali na yeye mwenyewe. Kazi yao ilikuwa kulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na zamu ya Ciakuthii ilikuwa mwezi wa Agosti. Walikuja Alhamisi na majembe, wakakuta mboga zote zimeng'olewa na mizizi yake na kufukiwa kivulini zisinyauke, na bustani iko tupu.

"Tunalima nini sasa?" aliuliza mmoja.

"Leo hatulimi," Ciakuthii alisema. "Leo tunahamisha."

Aliwaeleza kwa maneno machache. Kisha mama mmoja mfupi, mjane, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kufukuzwa na shemeji zake akiwa na mtoto mgongoni, alitema mate viganjani akashika sepetu. "Tuanzie wapi?" aliuliza.

Walikuwa na mikokoteni miwili ya punda, toroli tatu, na viondo. Siku ya kwanza walifikia robo ya bustani. Udongo ulitoka mafungu mafungu, mweusi, ukiwa na nyungunyungu na vipande vya maganda ya kahawa ambavyo havijaoza. Ishmael alisimama mgongoni akiupokea na kuusambaza nyuma ya mawe, safu baada ya safu, akiumwagia maji na kuufunika nyasi papo hapo. Siku ya pili alikuwa ameacha kusema watu watasema nini. Siku ya tatu alikuwa akiimba tenzi.

Jumamosi Munyi alikuja nyumbani kutoka Embu. Wanja alimngoja mlangoni.

"Baba Njura, hao watu wanabeba mchanga."

"Mchanga gani?"

"Wa kule shimoni. Na punda. Tangu Alhamisi."

Munyi alisimama ukumbini akatazama kwa mbali. Aliona mkokoteni ukipanda, na wanawake wenye leso viunoni wakisukuma kwa nyuma. Angeweza kushuka aone. Lakini kushuka kungekuwa kusimama mbele ya wanawake kumi na watatu wenye sepetu na kuuliza, na Munyi hakuwa mtu wa kuuliza. Zaidi ya hayo, alikuwa ameishi kwa kalamu miaka ishirini na mitatu, na kwake yeye shamba lilikuwa namba kwenye karatasi. Chini ya udongo, aliamini, kuna udongo mwingine. Alisahau, au alijisahaulisha, kwamba udongo wa pale aliuuza yeye mwenyewe kwa mwenye kandarasi wa barabara.

"Ni samadi yao wanatoa," alisema. "Nilisema wachukue. Mchanga hauishi, ukitoa wa juu unapata wa chini. Wacha wachoke."

Akaingia ndani kula.

Walichoka kweli. Ilichukua siku tisa. Mikono ya Ciakuthii ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Siku ya tisa, Ijumaa, mikokoteni ilikuwa imekwisha kazi, na ndani ya shimo kulikuwa kumebaki mabaki tu kwenye nyufa na pembe. Wenzake walisema imetosha.

"Bado," alisema.

Alikwenda kuleta ufagio. Alianzia upande wa juu, akafagia shimo lote kwa kurudi nyuma, polepole, kama mtu anayefagia chumba cha mgonjwa. Kila kijirundo kidogo alikizoa kwa mikono na kukitia kwenye kiondo, kile kile alichoingia nacho katika boma hilo akiwa msichana, ambacho kitako chake alikuwa amekisuka upya mara mbili. Alifagia mpaka changarawe ikang'aa nyekundu, mpaka mistari ya meno ya tingatinga ikaonekana. Wanawake walikaa kingoni wakimtazama, na hakuna aliyecheka. Kilipojaa, alikipandisha mgongoni mwenyewe. Moyo wake ulikuwa mwepesi mno, na hakuona haya kwa wepesi huo.

Wageni walifika Jumamosi saa tano. Kwa watu wa huko, kabla mbuzi wa mahari hawajaanza kuhesabiwa, upande wa msichana huja kuona mambo mawili: mahali atakapopika na mahali atakapolima. Nyumba huangaliwa kwa adabu, lakini shamba huangaliwa kwa macho. Ndambiri, baba wa msichana, alikuwa mkulima wa kahawa na chai aliyezoea udongo mwekundu wenye mafuta, na tangu mwanzo hakufurahi kwamba binti yake Kaari anataka kuolewa huku chini kwenye joto. Alichokuwa amesikia, na ambacho kilimlainisha, ni kwamba kuna bustani moja katika boma hilo inayotoa kabeji kubwa kuliko za kwao.

Walikaribishwa, wakaombewa, wakala. Sukuma zilikuwa laini. Ciakuthii alikuwa miongoni mwa wanawake waliopakua, na ndiye aliyezunguka na birika la maji ya kunawa mikono.

"Hizi mboga ni za wapi?" Ndambiri aliuliza.

"Ni za hapa hapa," Munyi akajibu, akajiegemeza kitini. "Ndiyo shamba nitawaonyesha sasa. Hiyo ndiyo ya Kaari."

"Twende tuone basi, kabla jua halijatuchoma."

Waliteremka watu kama ishirini, Munyi mbele na fimbo yake, Njura nyuma yake katika shati jeupe, kisha Ndambiri na ndugu zake wawili, kisha shangazi za msichana, na Kaari mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa. Wazee wa ukoo walifuata, Mzee Ngari akiwa miongoni mwao. Ciakuthii alifuata mwisho, birika bado mkononi.

Munyi alikuwa akizungumza wakati alipofika ukingoni. Alikuwa akisema kwamba hapa mtu analima mwaka mzima bila kungoja mvua. Sentensi hiyo haikuisha.

Ndambiri alisogea, akatazama. Akateremka ndani ya shimo akitumia mkono kujishikilia, akatembea mpaka katikati, akapiga kisigino chini mara mbili. Kila mtu alisikia mlio. Aliinama, akapitisha kidole, akakitazama. Kidole kilikuwa safi.

"Munyi," aliita kutoka huko chini, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kuwa na adabu. "Hapa si ni barabara?"

Mmoja wa ndugu zake alianza kucheka, akashindwa kujizuia, akageuza uso.

"Kuna kitu kimefanyika," Munyi alisema. Suti ilikuwa imemganda mgongoni. "Kulikuwa na shamba hapa. Watu wote wanajua. Kulikuwa na mchanga." Aligeuka huku na huku mpaka akampata aliyekuwa akimtafuta. "Mama Karimi! Mchanga uko wapi?"

Watu waligeuka. Ciakuthii aliweka birika chini, akajipangusa mikono kwenye leso. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa wiki saba, na usiku mwingine alikuwa amejipangia maneno marefu, makali. Yote yalimtoka.

"Nimechukua nilicholeta," alisema.

"Umechukua nini?"

"Baba Karimi, soma."

Ishmael alitoa karatasi mfukoni mwa koti la shemasi. Alisoma yote, kuanzia tarehe, kwa sauti ile anayosomea Zaburi, na alipofika mwisho alisoma mara mbili: *Kila mtu achukue alicholeta.* Kisha akampa Ndambiri, aliyekuwa amepanda kutoka shimoni, aone mwandiko.

"Mwandiko ni wa nani?" Ndambiri aliuliza.

Mzee Ngari aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

"Mama," Ndambiri akamgeukia Ciakuthii. "Ulileta mchanga wote uliokuwa hapa?"

"Kwa miaka tisa. Tope ni la kijito. Samadi ni ya mbuzi wangu. Maganda ya kahawa Baba Karimi aliyatoa huko kwenu. Majivu..." Alimtafuta Wanja kwa macho, akampata amejificha nyuma ya shangazi mmoja. "Majivu mengine niliyaokota njiani. Mama Njura anajua."

Wanja alitazama chini.

Ndambiri alimrudishia Ishmael karatasi. Akatazama mgongo wa kilima, ambako safu saba nyeusi zilionekana wazi juu ya mawe, na miche imeanza kusimama.

"Munyi," alisema, "mimi nakuja kwako kukupa mtoto. Ndugu yako amekaa hapa miaka tisa, na hivi ndivyo unavyomwondoa. Mtoto wangu je, utamwondoa namna gani?"

"Mzee, hayo ni mambo ya ndani, tuzungumze..."

"Tutazungumza. Tutarudi mkishapata mchanga."

Hawakurudi mezani. Soda zilibaki zimefunguliwa. Kaari alimtazama Njura mara moja kabla ya kuingia garini, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, kwa maana yeye hakumkosea mtu. Ni kweli, na sitaificha: katika habari hii wako wawili walioumia bila kosa. Jioni mtu alimwambia Ciakuthii kwamba msichana amelia njia nzima. Alisema, "Pole yake," akaenda kuwafungia mbuzi. Usiku huo alilala fofofo.

Munyi alijaribu kwanza kwa njia yake. Alileta lori la udongo kutoka bondeni, ukamwagwa shimoni, na mvua ya kwanza ya Oktoba ikaupeleka wote mtoni, kwa kuwa hakuna aliyepanga jiwe hata moja la kuuzuia. Alimwita mpimaji amuulize kama cheti cha mgongo kinaweza kubatilishwa, mpimaji akamkumbusha ni nani aliyetia sahihi. Njura aliacha kula nyumbani. Sokoni wavulana wa mizigo walilipa shimo jina, wakaliita Kwa Karani, na jina likashika.

Alikuja mgongoni Jumatatu moja ya Novemba, asubuhi, siku aliyopaswa kuwa ofisini. Alikuwa akisukuma toroli. Ciakuthii hakumbuki kama aliwahi kumwona na chombo cha kazi mkononi kabla ya siku hiyo. Viatu vilikuwa vile vile, vimejaa matope. Alisimama chini ya safu ya kwanza ya mawe, na hakuvuka, jambo ambalo Ciakuthii aliliona.

"Mama Karimi."

"Baba Njura."

"Ishmael yuko?"

"Yuko. Lakini mchanga ni wangu, kama ni mchanga umekuja kutafuta."

Munyi aliiweka toroli chini. Alikuwa amezeeka katika miezi mitatu, na kola ya shati ilikuwa imempwaya shingoni. Pengine mtu mwingine angemhurumia. Ciakuthii alijipekua ndani, kwa uaminifu kabisa, akitafuta huruma hiyo kama mtu anayetafuta sarafu kwenye pindo la leso, na hakuipata.

"Yule Mzee wa Runyenjes amesema akiona hata tuta mbili, atakubali," alisema Munyi. "Tuta mbili tu. Nimekuja kukuomba. Mimi mwenyewe nimekuja. Nipe hata toroli kumi."

"Uliweka nini kwa huu mchanga?"

"Mama Karimi, usinifanye hivyo."

"Nakuuliza tu, kama ulivyoniuliza mbele ya watu. Niliingia na sufuria mbili na kiondo. Wewe uliweka nini?"

Munyi alitazama zile safu. Vitunguu vilikuwa vimesimama, kabeji zimeanza kufunga. Mwishowe alisema, kwa sauti ambayo ilikuwa karibu ya mtoto, "Ile ardhi ilikuwa yangu."

"Ulituachia shimo," Ciakuthii alisema. "Nimekurudishia. Na nimelifagia."

Akachukua mkebe wake wenye matundu, akarudi kwenye vitunguu. Munyi aligeuza toroli na kuteremka, na gurudumu, ambalo halikuwa limepakwa mafuta, lilipiga kelele njia yote. Ciakuthii alilisikiliza mpaka lilipofika chini kabisa kwa nyumba kubwa na kunyamaza. Ndipo akainama na kuendelea kumwagilia.